Je, panya wa Niemann-Pick walipona kweli?

Swali: Shikamoo Daktari. Tunaishi Tanga. Binti yangu ana miaka 9. Alipozaliwa alikaa na manjano zaidi ya mwezi mmoja, na baadaye tukaambiwa wengu wake ni mkubwa. Shule alianza vizuri, lakini tangu darasa la pili anajikwaa, mwandiko umeharibika, hawezi kushuka ngazi bila kushikwa mkono, na akicheka sana magoti yanalegea na anaanguka. Baada ya kuzunguka hospitali nyingi, sampuli zake zilipelekwa India na majibu yakaja kuwa ni Niemann-Pick aina ya C. Nimesoma kwamba wanasayansi wamewaponya panya wenye ugonjwa huu kwa aina ya sukari inayoitwa saiklodekstrini. Kaka yangu aliyeko Muscat ameona unga huo unauzwa mtandaoni na anasema anaweza kuuagiza. Ameona pia dawa ya kimeng'enya iliyoidhinishwa kwa Niemann-Pick. Kwa nini watoto hawapewi kilichowaponya panya? Nimpe? Tena nimeombwa nikubali kipande cha ngozi yake kipelekwe maabara kwa utafiti. Kina faida gani kwake, au wanataka tu kumfanyia majaribio? Mdogo wake ana miaka 4 na anaonekana mzima. Nimeacha kumpikia chochote chenye mafuta, sijui kama nimefanya vyema.

Jibu:

Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naomba nianze na lile linaloweza kuleta madhara leo hii: kaka yako asiagize unga ule, na kama umekwishafika, binti asipewe, si kwa kinywa wala kwa sindano. Sababu nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa mzazi anayekatazwa kitu alichokiona kama tumaini hastahili kujibiwa kwa neno moja tu la hapana.

Dalili ulizozieleza zinashikana vizuri na majibu uliyopewa. Manjano ya muda mrefu kwa mtoto mchanga na wengu uliovimba huwa ni salamu za mwanzo za ugonjwa huu, kisha miaka hupita kimya kabla ubongo haujaanza kulalamika. Kushindwa kushuka ngazi mara nyingi hakutokani na miguu peke yake. Macho ya watoto hawa hupoteza uwezo wa kuruka haraka kutazama chini, hivyo mtoto haioni ngazi inayofuata mpaka ainamishe kichwa kizima. Kuanguka anapocheka nako kuna jina lake kitabibu, katapleksi, nako si utundu wala kifafa. Mwambie daktari wake kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, kwa sababu zipo dawa za kupunguza kuanguka huko, na wazazi wengi hawakutaji wakidhani ni jambo dogo.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe. Fikiria bandari ya mji wenu. Karibu kila seli ya mwili ina vifuko vidogo viitwavyo lisosomu, ambavyo ni ghala na karakana ya kuvunjavunja vitu kwa wakati mmoja. Kolesteroli huingia humo ikiwa imefungashwa, mithili ya shehena ndani ya kontena. Kontena hufunguliwa na shehena hupakuliwa. Kuli mmoja, protini iitwayo NPC2, huibeba na kuikabidhi kwa protini nyingine, NPC1, iliyopachikwa ukutani mwa ghala kama mlango, na mlango huo ndio unaoipitisha kwenda inakohitajika. Mlango ukikwama, shehena hurundikana mpaka ghala linafura, huku mji ulio nje ukilia njaa na kuendelea kuagiza shehena nyingine kwa kuwa haujaona kitu kikitoka. Pamoja na kolesteroli hurundikana mafuta mengine ya aina ya sfingolipidi, ambayo ubongo unayo kwa wingi. Takriban wagonjwa 95 katika kila 100 wana hitilafu katika jeni ya mlango, NPC1, na waliobaki katika jeni ya kuli, NPC2. Seli zinazoumia mapema zaidi ni zile za Purkinje, katika ubongo mdogo ulio kisogoni, zinazoratibu mwendo, mkono unaoandika na ulimi unaotamka.

Hapo utaona kwa nini kumnyima binti mafuta hakumsaidii. Kolesteroli ya ubongo haitoki kwenye sahani. Ubongo hujitengenezea wenyewe, na ile ya damu haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Mtoto anayehitaji nguvu za kutembea na kukua asipunguziwe chakula kwa ajili ya hili. Mpikie samaki wake wa nazi kama ulivyokuwa ukimpikia. Wala ugonjwa haukuletwa na chochote ulichokula au kukifanya ulipokuwa mjamzito. Wewe na baba yake kila mmoja alibeba nakala moja yenye hitilafu bila kujua, na binti akarithi zote mbili.

Kuhusu dawa ya kimeng'enya aliyoiona kaka yako, hakudanganywa, ila jina limemchanganya kama linavyowachanganya hata baadhi ya matabibu. Magonjwa mawili tofauti yalipewa jina la Albert Niemann na Ludwig Pick, madaktari wa Ujerumani wa mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa sababu yalifanana chini ya hadubini. Katika aina ya A na ya B kinachokosekana ni kimeng'enya, na kimeng'enya kinaweza kutengenezwa kiwandani na kutiliwa mshipani. Ndiyo dawa iliyoidhinishwa mwaka 2022 kwa jina la Xenpozyme. Katika aina ya C kilichoharibika ni mlango uliojengwa ndani ya ukuta, na mlango hauwezi kumiminwa kwenye damu ukajipachika wenyewe mahali pake. Kwa binti yako dawa hiyo ingekuwa gharama kubwa isiyogusa tatizo lake.

Sasa nije kwa panya, kwa sababu humo ndimo kiini cha swali lako kilimo.

Maabara haiwezi kufungua ubongo wa mtoto aliye hai ili kutazama kinachoendelea. Hutafuta kielelezo, yaani seli au kiumbe kitakachosimama mahali pa mgonjwa na kuulizwa maswali ambayo mgonjwa hawezi kuulizwa. Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara, hata kwa watu waliosoma, ni kudhani kwamba kila kielelezo ni mgonjwa mdogo kamili. Sivyo. Kila kimoja hujibu swali moja au mawili, na kwa mengine hunyamaza au hudanganya.

Hata hamira tunayokandia unga wa maandazi ina jeni iliyo ndugu ya NPC1, na ukiiweka ile ya hamira ndani ya seli ya mnyama inaweza kufanya sehemu ya kazi ya mlango ule. Kwa hiyo tunajua kwamba kazi hii ni ya kale sana katika uhai. Lakini hamira haina ubongo. Nzi wa matunda anafundisha jambo la ajabu kidogo: buu wa nzi aliyenyang'anywa jeni hiyo hufa kwa kushindwa kujivua gamba, kwa kuwa kolesteroli iliyokwama ndiyo malighafi ya homoni ya kujivua, na akilishwa homoni hiyo au kolesteroli ya ziada huweza kuendelea kuishi. Kwa nzi tatizo linaloua ni njaa ya mji, siyo kufura kwa ghala. Mtu angemfuata nzi peke yake, angeshauri watoto walishwe kolesteroli, na angekuwa amepotea.

Panya ndiye aliyebeba mzigo mkubwa. Katika koloni ya panya weupe wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kulizaliwa, bila mtu yeyote kukusudia, panya waliotetemeka, wakakonda na kufa wangali wachanga. Ilikuja kugundulika kwamba kipande cha DNA kilikuwa kimejipachika katikati ya jeni yao ya NPC1 na kuivunja. Jeni ya binadamu na ya panya zilitangazwa pamoja mwaka 1997. Panya hao huanza kupoteza uzito wakiwa na wiki 6 au 7 na kwa kawaida hufa kati ya wiki ya 10 na ya 12, huku seli zao za Purkinje zikiwa zimekwisha karibu zote. Katika hili wanamfanana mgonjwa kwa karibu sana, na ndiyo maana wametumika kwa miongo mingi.

Hadithi ya saiklodekstrini ilianza kwa bahati, tena bahati inayopaswa kumnyenyekeza mtafiti yeyote. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Marekani lilitangaza kwamba homoni moja ya ubongo, alopregnanoloni, ikichomwa mara moja tu panya akiwa na siku 7, hurefusha maisha yake karibu maradufu. Homoni hiyo haiyeyuki katika maji, kwa hiyo ilikuwa imeyeyushwa kwa saiklodekstrini, sukari yenye umbo la pete ambayo nje hupenda maji na ndani hupenda mafuta. Miaka michache baadaye walipolinganishwa panya waliopewa kiyeyusho peke yake, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ikifanywa na kiyeyusho. Ile pete huingia ndani ya ghala, humeza kolesteroli na kuitoa bila kuhitaji mlango. Dawa iliyokuwa ikisifiwa ilikuwa imebebwa na mtumishi wake.

Lakini sikiliza masharti ya ushindi huo, mama, kwa maana habari uliyoisoma huenda iliyaruka. Kwanza, panya hawakupona. Waliishi muda mrefu zaidi na kutembea vizuri zaidi, kisha wakafa kwa ugonjwa ule ule. Pili, sindano ilichomwa siku ya 7 ya maisha, kabla ya dalili yoyote kuonekana. Binti yako yuko mahali ambapo baadhi ya seli za Purkinje zimekwishakufa, na hakuna kinachofufua seli iliyokufa. Tatu, kipimo kilikuwa takriban gramu 4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 24 angehitaji gramu 96 kwa mara moja. Nne, ubongo wa panya hauzidi nusu gramu, na wa binadamu mzima hufika gramu 1,300 hivi, kwa hiyo dawa inayosambaa pote kwa mmoja inaweza kuishia pembeni kwa mwingine. Tano, panya wa kundi moja wamezalishwa ndugu kwa ndugu mpaka wanafanana kama mapacha, wakati watoto wenye ugonjwa huu wana hitilafu za jeni za mamia ya namna, na wengine huugua utotoni, wengine baada ya kuwa wazazi. Na kuna la sita ambalo halimo katika majedwali: panya haandiki, hashuki ngazi, hana mwalimu wa darasa la pili wa kutuambia amebadilika.

Kwa sababu hiyo watafiti walipanda ngazi nyingine. Wapo paka waliozaliwa na hitilafu ya NPC1 kwa asili, wa koloni inayotunzwa sasa katika shule ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ubongo wa paka ni mkubwa zaidi, na mtu anaweza kumchoma dawa kwenye maji yanayouzunguka ubongo, chini ya kisogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa mazuri kuliko ya panya: paka walioanzishiwa saiklodekstrini mapema kwa njia hiyo walilindwa seli zao za Purkinje na wakaendelea kutembea. Lakini paka walipoteza usikivu. Kolesteroli ile ile inayotolewa kwenye ghala ni sehemu ya ukuta wa seli zenye vinywele za sikioni, na seli hizo zikinyonywa kolesteroli hufa na hazioti tena. Hapo ndipo kielelezo kilipolipa thamani yake yote, kwa maana wagonjwa walioanza kupewa dawa walikuwa wakipimwa masikio tangu mwanzo, na kweli usikivu wao wa sauti nyembamba ulipungua kama paka walivyotabiri.

Watoto nao wamepewa, ila kwa kibali na chini ya uangalizi. Mwaka 2009 mapacha wawili wa Marekani walianza kutiliwa mshipani kwa ruhusa maalumu ya mamlaka ya dawa. Mwaka 2017 kulichapishwa jaribio la wagonjwa 14 waliochomwa kwenye maji ya uti wa mgongo kila mwezi, kwa vipimo kati ya miligramu 50 na 1,200, na ugonjwa wao ulionekana kwenda taratibu kuliko wa wagonjwa wa zamani waliolinganishwa nao. Matumaini yalikuwa makubwa, yangu yakiwemo. Kisha likaja jaribio kubwa zaidi ambamo nusu nyingine ya maswali iliulizwa: baadhi ya watoto walichomwa dawa na wengine wakafanyiwa utaratibu wa bandia, bila familia kujua nani amepata nini. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba baada ya mwaka mmoja makundi mawili hayakutofautiana kwa kiwango cha kuthibitisha kuwa dawa inafanya kazi. Jambo la kutatanisha ni kwamba hata wale wasiopewa dawa hawakudidimia kama ilivyotarajiwa. Kwa ugonjwa unaokwenda polepole, mwaka mmoja huenda ni mfupi mno kuona tofauti. Wengine husema dawa haitoshi. Mimi naona swali halijafungwa, lakini jibu lililo mkononi leo halimruhusu daktari mwaminifu kukuambia kwamba saiklodekstrini ni tiba.

Sasa rudi kwenye ule unga wa mtandaoni. Ukimezwa, karibu wote hupita tumboni bila kuingia kwenye damu, na kinachobaki ni kuharisha kwa mtoto ambaye tayari ni mwembamba. Ukichomwa mshipani, hauvuki kwa kiasi cha maana kuingia ubongoni, huku mapafu na figo zikibeba mzigo. Kuchoma kwenye uti wa mgongo kitu kilichotengenezwa kwa matumizi ya maabara au kiwanda, ambacho hakikusafishwa dhidi ya sumu za bakteria, ni kumtia mtoto katika hatari ya homa ya uti wa mgongo. Maabara yenyewe haithubutu kumchoma paka unga wa namna hiyo.

Niruhusu kidogo nieleze pia kwamba vielelezo hudanganya kwa upande wa pili. Katika Tay-Sachs, ndugu wa ugonjwa huu, panya walioharibiwa jeni husika walikua karibu kama wazima, wakawaacha watafiti vinywa wazi. Ilibainika kwamba panya wana kimeng'enya kingine kinachofungua njia ya uchochoroni ya kuondoa mafuta yale, njia ambayo mtoto wa binadamu hana ya kutosha. Aliyekuja kuonyesha Tay-Sachs ya kweli ni kondoo wa aina ya Jacob, mnyama wa pembe nne ambaye hakuna aliyemtarajia. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa fulani imefanya kazi kwa mnyama, muulize ni mnyama gani, alianzishiwa lini, na je, ugonjwa wake unafuata njia ile ile.

Hilo linanifikisha kwenye ngozi ya binti yako. Kipande kinachoombwa huwa na upana wa milimita 3 au 4, hukatwa kwa ganzi, na kidonda chake kidogo hupona. Seli zake hukuzwa kwenye sahani za maabara. Kwa miaka mingi zilitiwa filipini, kemikali inayotoka kwa bakteria wa udongoni, ambayo hujishika na kolesteroli na kung'aa buluu chini ya mwanga maalumu. Seli ya mzima hung'aa hafifu, ya mgonjwa hujaa nyota kuzunguka kiini chake. Siku hizi uchunguzi huanza kwa vipimo vya damu na vya jeni, lakini filipini bado huamua pale jeni inapoacha shaka. Aidha, tangu Shinya Yamanaka alipoonyesha mwaka 2006 kwa panya na mwaka 2007 kwa binadamu kwamba seli ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma ikawa kama ya kiinitete, seli za binti yako zinaweza kugeuzwa kuwa seli za neva zenye hitilafu yake yeye. Huyo ndiye kielelezo ambaye panya hawezi kumshinda, ingawa naye ana upungufu wake: ni neva changa zilizo peke yake kwenye sahani, hazina ini, hazina damu, wala miaka 9 ya kuishi.

Faida kwake ipo, ila ni vyema uijue ukubwa wake. Hifadhi nyingi za taarifa za jeni zimejazwa na watu wa asili ya Ulaya, na mtoto wa kwetu mara nyingi hukutwa na hitilafu ambayo ripoti inasema maana yake haijajulikana. Seli zake zikionyesha kwamba kolesteroli kweli imekwama, shaka hiyo huondoka, na familia hupata msingi wa kumpima mdogo wake. Aina ya hitilafu nayo ina uzito. Panya yule wa Marekani hana kabisa protini ya mlango. Lakini wagonjwa wengi wana mlango uliopinda tu, ambao seli huutupa kabla haujafika ukutani. Dawa zinazojaribu kunyoosha mlango uliopinda haziwezi kupimwa kwa panya asiye na mlango, na ndiyo sababu mwaka 2015 walichapishwa panya wapya wenye hitilafu iliyozoeleka zaidi kwa wagonjwa wa asili ya Ulaya magharibi. Hitilafu za pwani yetu hazina panya wao bado.

Wala si jambo la kubuni kwamba seli za watoto hawa zimefaidia wengine. Mwaka 2011 iligundulika kwamba virusi vya Ebola haviwezi kuingia kwenye seli bila kupitia protini ya NPC1, na seli za ngozi za wagonjwa wa Niemann-Pick aina ya C ziligoma kuambukizwa. Magonjwa yaliyoiumiza Kongo na Uganda yalieleweka zaidi kwa sababu wazazi fulani walikubali kipande kidogo kama hicho. Hata hivyo usitie saini kabla hujajibiwa haya: seli zitahifadhiwa wapi na nani, je, mtapewa majibu, je, unaweza kubadili mawazo na zikaharibiwa, na je, zitauzwa kwa kampuni. Kukataa kusipunguze matibabu yake hata chembe. Ukiona wanakwepa maswali, subiri.

Kipi basi kipo? Miglustati, inayouzwa pia kwa jina la Zavesca, hupunguza utengenezaji wa sfingolipidi. Ilipimwa kwa panya na paka, kisha ikaidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2009 kwa dalili za neva za ugonjwa huu. Hupunguza kasi kwa baadhi ya wagonjwa, na huleta kuharisha na kupungua uzito mwanzoni. Mwezi Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa mbili katika wiki moja: arimoklomoli, kwa jina la Miplyffa, inayotolewa pamoja na miglustati kwa wenye miaka 2 na zaidi, na levasetilliusini, kwa jina la Aqneursa, kwa wenye kilo 15 na zaidi. Hii ya pili inanifurahisha kwa asili yake, kwa sababu mama yake ni dawa ya kizunguzungu, Tanganil, iliyotumika Ufaransa tangu mwaka 1957. Katika jaribio la wagonjwa 60 lililochapishwa mwaka 2024, mwendo na uratibu wa viungo uliboreka ndani ya wiki 12. Hakuna kati ya hizi inayoponya, na bei zake ziko mbali na mfuko wa familia ya kawaida. Lakini ombi lililoandikwa na daktari bingwa wa neva za watoto kwa mtengenezaji, likiambatana na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, cha kuingiza dawa kwa mgonjwa mmoja, ni njia halali, na ndiko ningependa nguvu za kaka yako zielekezwe. Umoja wa kimataifa wa familia za Niemann-Pick, INPDA, unaweza kumwongoza, na kumsajili binti kwenye daftari la kimataifa la wagonjwa kunamfanya aonekane jaribio jipya linapotafuta washiriki. Tiba ya jeni nayo imerefusha maisha ya panya. Kwa watoto bado haijafika kitandani.

Mdogo wake ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi ugonjwa, na kuonekana mzima akiwa na miaka 4 hakutoshi kumwondolea shaka, kwani hata dada yake wakati huo alionekana mzima, isipokuwa wengu. Mpeleke apapaswe tumbo na kupigwa picha ya mawimbi ya sauti. Kipimo cha jeni kwake ni chepesi mkiwa na ripoti ya dada yake, kwa hiyo itunze karatasi ile ya India kama hati ya nyumba. Lakini kizungumzwe kwanza na mshauri wa jeni, wewe na mumeo pamoja, kwa sababu jibu likija haliwezi kurudishwa. Kama wewe na baba yao mna undugu, mwambie mshauri bila haya. Haulizwi mtu ili alaumiwe, inasaidia kujua hitilafu ya kutafuta.

Wiki hii, kabla ya yote mengine, omba binti achunguzwe namna anavyomeza. Watoto hawa wengi hupotea kwa nimonia ya chakula au maji yaliyoingia mapafuni, na jambo hilo linazuilika kwa mkao mzuri wa kula na kuongeza uzito wa vinywaji, kama uji mzito badala ya maji matupu. Akipaliwa mara kwa mara, akikohoa kila anapokunywa, au akipata homa na kupumua haraka, usisubiri kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo. Degedege linalozidi dakika 5 ni safari ya dharura. Na umwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje aone ngazi za nyumbani kwenu. Pengine kamba nene iliyofungwa ukutani itamrudishia uhuru wa kushuka peke yake kwa muda, huku barua za dawa zikiendelea kuandikwa.